Ala ya Plastiki Nyumbani: Fedha ya Kwanza Iende Wapi?

Anayetaka kujifunza kutengeneza ala ya kisu ya plastiki hukutana na orodha mbili zisizopatana. Moja ni ya mafundi wa Marekani walioigeuza kazi hii kuwa biashara: ina oveni, presi, pampu ya kunyonya hewa, mashine ya msasa, drili ya kusimama na seti nzima ya kupigia ribiti. Nyingine ni ya video fupi: jiko la mkaa, kipande cha bomba la maji na ubao wa kukanyagia. Mtu mwenye kisu kizuri kilichozungushiwa gazeti na kufungwa kwa mpira wa tyubu hubaki katikati, hajui kama adundulize fedha mwaka mzima au aanze jioni hii hii. Mkanganyiko huo una chanzo kimoja. Orodha zote mbili hutaja vifaa bila kusema kila kifaa kinafanya kazi gani, na asiyejua kazi ya kifaa hawezi kujua kipi kinaweza kuachwa na kipi kikiachwa ala inaharibika.

Kazi zenyewe ni chache. Plastiki inalainishwa kwa joto lililoenea sawasawa, inabanwa ikumbatie kisu hadi ipoe, kisha kingo zake zinafungwa na kusafishwa. Nitakachokitetea hapa ni kwamba ubora wa ala huamuliwa karibu wote na zile hatua mbili za mwanzo, yaani joto na mbano, na kwamba mtu wa nyumbani anayegawa fedha yake sawasawa kwa kila kifaa kwenye orodha anaipoteza. Wapo wanaopinga kwa hoja zenye uzito, na nitazipima moja moja.

Plastiki gani?

Jina linalotawala kazi hii ni Kydex, mchanganyiko wa akriliki na PVC uliotolewa na kampuni ya Rohm and Haas mwaka 1965 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Huuzwa kama mabamba. Kwa visu vidogo hutumika unene wa milimita 1.5, kwa visu vya kawaida milimita 2, na kwa visu vizito milimita 2.4. Sifa iliyoipeleka kwa watengeneza ala ni kwamba hulainika polepole inapopata joto, huchukua umbo la kitu kilichobanwa nayo, na ikipoa inabaki hivyo. Ikirudishwa kwenye joto hulegea tena na kutaka kurudi kuwa bapa. Sifa hii ya mwisho ina thamani kubwa kwa anayejifunza, maana bamba lililofinyangwa vibaya bado ni bamba. Linarudishwa kwenye joto na kazi inaanza upya, mradi halijatobolewa wala kukatwa.

Hapa ndipo linapoingia kosa la kwanza, la kudhani kwamba plastiki yoyote ngumu inafaa. Dumu la mafuta ya kula na ndoo ya maji vinaonekana imara kuliko bamba la Kydex, na vimejaa kila mtaa. Lakini dumu limetengenezwa kwa plastiki ya polithini nzito, ambayo tabia yake mbele ya joto ni nyingine kabisa. Inabaki ngumu kwa muda mrefu, kisha kwenye nyuzi 130 hivi inayeyuka kwa ghafla, na nafasi ya kuifinyanga kati ya hali hizo mbili ni finyu mno. Ikipoa husinyaa kwa asilimia 2 hivi. Kwa ala ya sentimita 20 hiyo ni milimita 4, na ala inayoshikilia kisu kwa tofauti ya milimita moja haiwezi kuvumilia msinyao wa namna hiyo. Dumu halifai kwa kazi hii, hata kama ni la bure.

Joto: bloa, oveni, au pasi?

Mabishano makubwa yako kwenye joto. Upande mmoja wako wanaotumia bloa ya hewa moto, ile inayojulikana kwa mafundi simu na kwa wabandika stika za magari. Hoja zao hazipuuziki: bloa hupatikana, haichukui nafasi, haina mipaka ya ukubwa wa kisu, na huweza kupasha sehemu moja tu ya ala bila kugusa nyingine. Ukitaka kubana mdomo wa ala uliolegea au kunyoosha ukingo uliopinda, hakuna kifaa kinachoifikia.

Udhaifu wake unaonekana mtu akilinganisha tarakimu. Mafundi wengi wa nyumbani hufinyanga Kydex kati ya nyuzi 150 na 175 za Selsiasi. Bloa hutoa hewa ya nyuzi 300 hadi 600 mdomoni mwake. Kwa maneno mengine, kifaa kinatoa joto mara mbili hadi nne ya linalotakiwa, na kazi ya kulipunguza imeachiwa mkono unaokisogeza. Plastiki nayo hupitisha joto kwa uvivu. Uso wa juu huanza kung'aa na kupoteza chengachenga zake wakati moyo wa bamba bado mgumu. Bamba likibanwa katika hali hiyo hufuata umbo kwa nje tu. Ukilitazama limekaa vizuri, lakini siku za joto hujikunjua taratibu na kisu kinaanza kucheza. Tena iko hatari kwa kisu chenyewe. Vyuma vingi vya kaboni vya visu, baada ya kukazwa kwa moto, hupunguziwa ugumu uliozidi kwa joto la kati ya nyuzi 150 na 230, na makali ya kisu ni membamba kuliko sehemu nyingine yoyote. Bloa ikielekezwa kwenye makali hata kwa muda mfupi, yanaweza kugeuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ni alama kwamba chuma kimevuka nyuzi 280 au zaidi, na makali hayo hayatakaa tena kama zamani.

Upande wa pili wako watu wa oveni ndogo ya umeme. Oveni hupasha bamba lote kwa pamoja, juu na chini, na kisu hakiingii ndani yake kabisa. Plastiki ya nyuzi 160 ikiguswa na kisu baridi hupoa kabla ya kukiumiza chuma. Udhaifu wa oveni ni mwingine. Kitasa chake cha joto hakiaminiki, na waya zake zikiwa karibu na bamba huunguza sehemu moja huku nyingine ikibaki ngumu. Upana wake nao una mwisho: bamba la ala ya panga lenye bapa la sentimita 45 haliingii katika oveni ya mezani. Na oveni iliyopasha plastiki hii isirudi jikoni kupikia chakula. Gharama hiyo lazima ihesabiwe, kwa sababu familia yenye oveni moja kimsingi haina oveni ya kufanyia kazi hii.

Pasi ya nguo ni njia ya katikati. Ikiwekwa kwenye alama ya pamba, na karatasi ya kuokea ikitandikwa kati yake na plastiki, hufika joto linalohitajika. Ila hupasha upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo bamba lazima ligeuzwe mara kwa mara. Iko pia mashine ambayo orodha za mtandaoni huitaja kwa nadra ilhali imeenea katika miji yetu, nayo ni mashine ya kuchapia fulana. Ina uso bapa, inaonyesha joto kwa tarakimu, na inapasha eneo pana kwa usawa. Anayefahamiana na mchapishaji wa fulana anaweza kupata joto bora kuliko la oveni nyingi bila kununua chochote.

Watetezi wa bloa hujibu kwamba mafundi hodari kadhaa hutumia bloa tupu na ala zao hazina kasoro. Ni kweli, na haibadilishi hukumu. Fundi aliyekwisha kufinyanga mabamba mia anaisoma plastiki kwa jinsi inavyolegea na jinsi uso wake unavyobadilika. Yeye mwenyewe amekuwa kipimajoto. Anayeanza hana macho hayo, na ushauri wa vifaa unatolewa kwa ajili yake. Kwake yeye kifaa cha lazima kuliko oveni yenyewe ni kipimajoto cha oveni, kile kidogo cha kuning'iniza, kikae pale pale lilipo bamba. Vile vipimajoto vya paji la uso vilivyokuwa milangoni mwa ofisi na maduka mwaka 2020 havifai hapa. Vimetengenezwa kwa homa ya binadamu, na huishia kwenye nyuzi arobaini na kitu.

Mbano: uzito wa mtu, klampu, au hewa?

Bamba likitoka kwenye joto sahihi huning'inia mkononi kama chapati iliyotolewa kikaangoni. Kuanzia hapo kuna nusu dakika, dakika moja kwa bahati, kabla halijaanza kukaza. Ndani ya muda huo kisu kiwe kimewekwa, bamba likunjwe au la pili lifunikwe juu yake, na mbano uanze. Ndiyo maana presi ya kutengeneza nyumbani ni sehemu ya kazi yenyewe na haifai kuitwa anasa. Presi hiyo ni vipande viwili vya plaiwudi vilivyounganishwa kwa bawaba, kila kimoja kikiwa kimebandikwa sponji ngumu ndani.

Wanaosema inatosha kusimama juu ya ubao wafanye hesabu hii. Ubao wa sentimita 30 kwa 30 una eneo la sentimita za mraba 900. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake anagawa uzito wake mpaka unabaki chini ya kilo 0.08 kwa kila sentimita ya mraba. Klampu nne za skrubu, kila moja ikibana kwa kilo 150, zinatoa kilo 600, yaani karibu 0.67 kwa sentimita. Hiyo ni zaidi ya mara nane. Tofauti hiyo haionekani kwenye bapa la kisu, ambako plastiki hulala kirahisi. Inaonekana mdomoni, pale plastiki inapotakiwa kuzama nyuma ya kinga ya mkono au ndani ya mbonyeo wa kidole kwa milimita moja hivi. Milimita hiyo ndiyo hutoa mlio mdogo kisu kinapoingia, na ndiyo inayokizuia kisitoke mtu akiinama. Zaidi ya hayo mtu huchoka: plastiki inahitaji kubanwa dakika kumi hivi hadi ipoe, na anayesimama juu ya ubao hubadilisha mguu na kuyumba. Klampu hazichoki.

Njia ya tatu ni kunyonya hewa. Bamba na kisu huwekwa chini ya utando wa mpira, pampu inaondoa hewa, na uzito wa anga unafanya kazi. Ufukweni, Dar es Salaam au Mombasa, anga inaweza kubana kwa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, ni kama kilo 0.85. Hapo pia inatosha kabisa. Uzuri wake ni kwamba mbano unafika kila upande kwa usawa ambao sponji haiwezi kuufikia, na fundi friji anaweza kugeuza kompresa ya zamani kuwa pampu. Lakini utando ukitobolewa na ncha ya kisu kazi imekwisha, na mtu anayetafuta mahali hewa inapovujia huku plastiki inapoa anapoteza ile dakika yake. Kwa anayetengeneza ala thelathini za kisu kimoja ni njia bora. Kwa mwenye visu vitatu vya nyumbani ni mzigo.

Sponji inastahili maneno machache kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wengi. Sponji ya godoro ina vishimo wazi. Ikibanwa, hewa hutoka na inalala bapa bila kuisukuma plastiki pembeni mwa kisu, ambako msukumo unahitajika zaidi. Inayofaa ni ile iliyofungwa hewa ndani, yenye unene wa sentimita mbili hadi tatu kila upande. Mkeka wa mazoezi uliokunjwa mara kadhaa unaweza kuanzia kazi, ingawa huacha alama na kuchakaa mapema. Kipande cha tyubu ya gari kikitandazwa juu yake huulinda na joto.

Bomba la maji na jiko la mkaa

Sasa ile orodha ya pili. Bomba la PVC la inchi 4 lina kipenyo cha milimita 110. Likipasuliwa kwa urefu na kunyooshwa linatoa bamba lenye upana wa karibu sentimita 34, linatosha visu kadhaa, na linauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. PVC ni ndugu wa Kydex, na tabia zao mbele ya joto zinafanana. Anayelidharau bomba kwa sababu ni bomba anakosea. Ni gumu ila ni rahisi kupasuka kingoni likigongwa, na rangi zake haziwavutii wengi, lakini kwa kujifunzia halina mshindani.

Tatizo ni moto. PVC ina klorini kwa karibu asilimia 57 ya uzito wake. Ikichomwa na ndimi za moto huoza na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, pua na mapafu hugeuka asidi. Gesi hiyo hiyo hushambulia chuma. Vifaa vilivyo karibu hupata kutu kwa siku chache. Mkaa na mwali wa gesi huvuka kiwango cha hatari kwa mbali, na sehemu iliyokuwa nyeupe ikianza kuwa ya kahawia, gesi imekwisha kutoka. Mabomba ya zamani yana jambo la ziada, kwamba mengi yalitengenezwa kwa vidhibiti vyenye risasi, hivyo vumbi lake wakati wa kupiga msasa halifai kuvutwa. Haki inanilazimu kusema kwamba Kydex nayo ina PVC ndani yake. Bamba la bei ghali likiunguzwa litatoa gesi ile ile, na kufanya kazi nje, au madirisha yakiwa wazi, ni sharti kwa zote mbili.

Itasemwa kwamba asiye na umeme wala oveni hana njia nyingine. Anayo moja, nayo ni maji yanayochemka. PVC huanza kulegea karibu na nyuzi 80, na maji hayawezi kuvuka 100 hata jiko likiwaka namna gani, kwa hiyo sufuria inafanya kazi ya kipimajoto bila kununuliwa kipimajoto. Bomba lililochemshwa hukunjika na kunyooka, ingawa halifuati kila mstari wa kisu kama lililotoka kwenye oveni. Kwa ala ya jembe dogo la bustani au kisu cha shamba inatosha. Sufuria hiyo nayo isirudi jikoni.

Kufunga na kumalizia

Hapa pana nafasi kubwa ya kubana matumizi. Bamba hukatwa kwa kukwaruzwa mstari mzito na kisu cha karatasi kisha kuvunjwa, au kwa msumeno wa chuma. Kingo husafishwa kwa tupa na msasa namba 120, 240 na 400, mtu akiwa amevaa barakoa. Mashine ya msasa huokoa muda tu, haiongezi ubora. Drili ya mkono inatosha. Ribiti za wazi za shaba zinapendeza, lakini urefu wake lazima upigiwe hesabu. Mabamba mawili ya milimita 2 ni milimita 4, na ribiti inahitaji ibaki na milimita 2 hadi 3 za kupanuliwa upande wa pili, kwa hiyo zile ringi fupi za fundi viatu hazifiki. Boliti ndogo zenye washa ya mpira zinafaa vilevile, na zina faida ambayo ribiti haina: zinaweza kukazwa au kulegezwa ala ikibadilika.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote ni tepu ya karatasi ya wapaka rangi magari. Tabaka mbili juu ya bapa hukinga chuma kisikwaruzwe, huacha nafasi finyu ndani ya ala, na hufunika makali wakati mikono iko karibu nayo. Glavu nene huikinga mikono na joto lakini haizuii kisu kukata, kwa hiyo anayefinyanga kwa mkono afanye hivyo makali yakiwa yamefunikwa.

Je, ngozi haitoshi?

Hoja ya mwisho inahoji kazi nzima. Wamasai wamebeba sime katika ala za ngozi vizazi na vizazi, fundi viatu yeyote anaweza kushona ala, na ngozi haina sumu ya moto wala haihitaji umeme. Haina mlio, haikwaruzi bapa, na ikichanika inashonwa. Yote hayo ni kweli, na kwa kisu cha porini, mahali pakavu, sioni sababu ya kuiacha. Lakini ngozi hunywa unyevu na kuutunza karibu na chuma, jambo ambalo ukanda wa pwani na chumvi yake hulifanya kuwa baya zaidi. Mvuvi anayetoa kisu chenye damu ya samaki na mchinjaji anayeosha vifaa kila jioni wanahitaji ala inayooshwa kwa sabuni na kukauka ndani ya dakika chache, yenye tundu chini la kutolea maji. Lawama ya plastiki kukwaruza bapa ni ya haki. Husababishwa na mchanga ulionasa ndani, na dawa yake ni maji.

Nini kwanza, nini baadaye

Kwa anayeanza, fedha ya kwanza iende kwenye kipimajoto na presi ya plaiwudi yenye klampu nne. Joto lipatikane kwa oveni ndogo iliyotengwa, au kwa mashine ya fulana ya jirani. Bloa ije ya pili, kama kifaa cha kurekebishia. Drili na msumeno viazimwe. Pampu ya hewa, mashine ya msasa na seti ya ribiti visubiri mpaka wateja wawepo. Mabamba ya mazoezi yawe ya bomba jipya, na Kydex inunuliwe mkono ukishazoea. Jiko la mkaa libaki la kupikia.

Na kabla ya kutoboa tundu la kwanza la ribiti, ingiza kisu ndani ya ala, igeuze juu chini karibu na meza iliyotandikwa kitambaa kinene, uitikise. Kisu kikianguka, bamba lirudi kwenye joto.